Mwani na wadudu kwenye tangi la chumvi lenye kina kifupi: samaki yupi anasaidia, na yupi anakuongezea kazi

Swali ninaloletewa mara nyingi kuliko yote huja hivi: picha yenye giza, kidole kimeelekezwa kwenye jiwe, na maneno, "Kaka, ninunue samaki gani wa kula hii?" Jibu langu la kwanza humuudhi mwenye swali, kwa sababu nami nauliza: hii ni nini? Mwani wa nywele una mlaji wake, mnyoo bapa ana wake, anemoni ya kahawia ina wake, na ule utando mwekundu unaoteleza hauna hata mmoja. Ukikosea jina utanunua samaki asiye na kazi. Samaki asiye na kazi naye anataka kula, na kinyesi chake ndicho mbolea ya mwani uliotaka kuuondoa.

Ninayoyaeleza hapa ni ya tangi la maji ya chumvi lenye kina kifupi, lile pana ambalo ukisimama unaliangalia kwa juu kama beseni. Langu lina urefu wa sentimita 90, upana 60 na kina 30. Kwenye karatasi ni lita 162. Ukitoa mawe, mchanga na nafasi iliyoachwa juu, maji yenyewe hayazidi 130. Niko Mombasa, kwa hiyo baadhi ya samaki nitakaowataja wanaishi mwambani, mwendo mfupi kutoka nyumbani, na wengine huja kwa ndege kutoka Pasifiki au Karibi. Hao wa mwambani si ruhusa ya kuchukua wavu ukajichotee: ndani ya hifadhi za bahari kama Mombasa, Malindi, Watamu na Kisite hakuna kuvua. Nunua kwa mtu mwenye leseni.

Tangi lenyewe kwanza

Taa nyingi zinazouzwa zimekadiriwa kwa tangi lenye kina cha sentimita 50 au 60. Ukiiweka taa hiyo juu ya sentimita 30, hata jiwe la chini kabisa linapigwa na mwanga mkali kutwa nzima. Nilipoinua yangu sentimita 15 na kupunguza saa za mwanga kutoka 11 hadi 8, mwani wa kwenye kioo ulipungua kabla sijanunua chochote.

Jambo la pili ni uvukizi. Uso wa maji ni mpana, na huku pwani wakati wa kaskazi tunaweka feni ili maji yasichemke. Tangi langu hupoteza hata lita 4 kwa siku. Katika lita 130, hiyo inapandisha chumvi kutoka gramu 35 kwa lita hadi zaidi ya 36 kwa siku moja, kwa hiyo lazima uongeze maji yasiyo na chumvi kila siku. Hapo ndipo wengi wanapojiharibia. Yanayoruka hewani ni maji matupu. Kila kilichokuwa ndani ya maji uliyoongeza kinabaki tangini. Ukiongeza ya kisima au ya bomba, unaingiza naitreti, fosfeti na siliketi kila asubuhi, na hakuna siku zinatoka zenyewe. Nilimtembelea jamaa mmoja aliyekuwa amebadilisha samaki wa mwani mara tatu. Ndoo yake ya kuongezea maji ilikuwa ya kisima. Tulipohamia maji ya mashine ya RO, ile inayosukuma maji kupitia utando mwembamba unaozuia uchafu, na kipima-uchafu kikasoma sifuri, mwani ulichukua miezi miwili hivi kulegea, lakini ulilegea.

Na usidanganywe na kipimo cha fosfeti kinachosoma sifuri ilhali mawe yameota manyoya. Mwani umeshaimeza fosfeti kabla wewe hujachota maji ya kupima. Mimi nalenga naitreti kati ya miligramu 2 na 10 kwa lita, na fosfeti kati ya 0.03 na 0.1. Sifuri siitaki kabisa; sababu iko mbele kidogo.

Vumbi la kahawia juu ya mchanga na kioo

Tangi lina umri wa wiki tatu, ukipitisha kidole vumbi linatoka kama unga, kesho limerudi. Hizo ni daiatomu, zinajengea maganda yake kwa siliketi iliyoko kwenye maji na mchanga mpya. Usinunue samaki. Konokono watano au sita, maji safi, na subira ya wiki chache. Likitokea kwenye tangi la mwaka mzima, kabadilishe vichujio vya RO.

Kijani kwenye kioo na zulia fupi juu ya mawe

Hapa ndipo samaki ana kazi ya kweli, na ndipo tangi la kina kifupi lina bahati, kwa sababu mlaji bora wa mwani mfupi ni mdogo na anapenda kukaa chini: bleni. Yule ninayempendekeza kwanza ni Ecsenius stigmatura, mwenye doa jeusi mkiani, ambaye hukomea sentimita 6 hivi. Anachagua tundu moja jiweni, anarudi humo kinyumenyume, anabaki anachungulia macho yakizunguka kila moja kivyake. Akitoka, anabusu kioo. Asubuhi ukiwasha taa utaona alama za midomo yake, vimviringo vidogo safi katikati ya ukijani, mstari baada ya mstari. Ukiziona ujue amepata riziki.

Mkubwa wake ni Salarias fasciatus. Huyu yuko mpaka pwani ya Afrika Mashariki, ana meno membamba kama kitana, na anafika sentimita 14. Kwa tangi la lita 130 mmoja anatosha, na kwa kweli ni mwingi. Anafanya kazi haraka mno: baada ya miezi miwili mawe ni meupe, halafu njaa inaanza. Nitamrudia mwishoni.

Kosa linalofanywa sana ni kununua "bleni" bila kuuliza bleni gani. Nililifanya mimi. Niliuziwa samaki wa rangi ya dhahabu, mrembo, naambiwa ni mla mwani. Alikuwa Ecsenius midas. Huyo baharini huogelea katikati ya makundi ya samaki wadogo wa rangi ya chungwa akidaka planktoni kwenye mkondo. Mwani wa jiweni hana habari nao. Kwangu alikaa juu ya jiwe lenye manyoya akingoja nimtupie chakula. Ni samaki mzuri, simlaumu. Nilijilaumu mimi kwa kutotazama jina.

Na konokono wasidharauliwe. Wa jamii ya Trochus akianguka chali anajigeuza mwenyewe. Wa Astraea hawezi, atafia hapo na kuchafua maji usipomwinua.

Nywele ndefu za kijani zinazopepea

Mwani ukishafika urefu wa kidole, bleni hauwezi. Anaparuza vya chini. Hivi virefu anavipita tu. Wanaokula majani marefu ni kangaja na tafi, na hapo ndipo moyo wa mtu hupotea, kwa sababu dukani wapo wadogo wa sentimita 6, wazuri, bei si mbaya.

Tafi kwetu ni samaki wa mchuzi. Siganus sutor, yule wa malema, anafika sentimita 45. Wale wa manjano wanaouzwa kwa ajili ya matangi, Siganus vulpinus wa Pasifiki, wanafika 24. Weka samaki wa sentimita 24 kwenye maji ya kina cha 30 ambayo tayari yana mchanga chini: hana pa kugeukia ila ubavuni. Halafu ana miiba yenye sumu mgongoni, tumboni na kwenye mapezi ya chini. Siku moja nilimuuliza mzee wa Shimoni anavyowatoa kwenye dema, akanionyesha kiganja chake: "Huyu mwanangu ukimpika mtamu, ukimshika mkali." Kwenye tangi pana unaloingiza mikono kila siku, hilo si dogo. Ukichomwa, tia mkono kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, kama nyuzijoto 45, kwa nusu saa au zaidi, huku mtu mwingine akiyapima kwa mkono wake usioumwa ili usijiunguze. Maumivu yasipotulia, au uvimbe ukipanda, nenda hospitali.

Kangaja nao wana kisu pembeni mwa mkia, na tatizo lao kubwa ni urefu wa tangi kuliko kina. Ni waogeleaji wa kutwa. Chini ya sentimita 150 za urefu mimi simshauri mtu. Tena si wote wanakula nywele: wa jamii ya Ctenochaetus wana meno kama brashi laini, wanafagia vumbi na utando mwembamba, mwani mrefu hawaung'oi. Wanaoung'oa ni Zebrasoma, na yule wa Bahari ya Hindi, Zebrasoma desjardinii, anakua mpaka sentimita 40.

Kwa hiyo kwenye tangi fupi mla nywele ndefu ni wewe. Zima pampu, zungushia mwani kwenye mswaki kama tambi kwenye uma, vuta, na mwenzako au mkono wako wa pili unyonye kwa mpira vipande vinavyoelea. Jiwe dogo litoe nje kabisa ulisugulie kwenye ndoo ya maji ya chumvi. Fanya hivyo kila wiki unapobadilisha maji, punguza kulisha, tengeneza maji ya kuongezea. Mawe yakibaki na mabua mafupi, hapo mlete bleni aendeleze. Ukimleta kabla ya hapo umemleta kuangalia msitu.

Utando mwekundu, au kamasi ya kahawia yenye mapovu

Haya mawili yanafanana machoni na yanatofautiana tiba, na kwa yote mawili hakuna samaki.

Utando wa zambarau au mwekundu wa damu ya mzee, unaong'oka kama ngozi ya maziwa, ni sianobakteria. Unapenda mahali maji yamelala. Tangi pana lina pembe nyingi zilizolala, hasa nyuma ya mawe, kwa sababu pampu ikielekezwa juu inarusha maji nje na ikielekezwa chini inachimba mchanga. Dawa yangu imekuwa pampu mbili ndogo zinazotazamana badala ya moja kubwa, na kunyonya utando kila baada ya siku mbili.

Kamasi ya kahawia yenye nyuzi, kila uzi una povu nchani, mchana inajaa na usiku inapungua, na konokono wanaanza kufa: shuku dinoflajeleti. Jaribio la nyumbani ni rahisi. Nyonya kidogo pamoja na maji ya tangi, tia kwenye chupa, tikisa mpaka kila kitu kisambaratike, chuja kwa karatasi ya kahawa, kisha uache maji yaliyopita chini ya taa kwa saa moja. Yakijikusanya tena kuwa kamasi, ndizo. Mara nyingi hujitokeza baada ya mtu kusafisha maji kupita kiasi, naitreti na fosfeti zote zikasoma sifuri na washindani wao wakafa njaa. Ndiyo sababu nilisema sifuri siitaki. Hapa unaongeza virutubisho kidogo, hupunguzi. Ukimtia samaki wa mwani humo hali kitu, na konokono watakaokula watakufa.

Malengelenge ya kijani. Manyoya kama ya ndege

Malengelenge yanayong'aa ni Valonia. Kaa wa zumaridi, Mithraculus sculptus wa Karibi, huyala, lakini akikosa hugeukia vingine. Mimi nabandua kwa bisibisi bapa, jiwe likiwa nje ya tangi.

Manyoya yenye mshipa katikati na vijani pande mbili ni Bryopsis. Mara nyingi watu huita mwani wa nywele, wanapoteza miezi kumi wakisubiri bleni. Usimtegemee mlaji yeyote. Waliofanikiwa wengi wametumia flukonazoli, ile dawa ya fangasi. Soma kipimo chake vizuri, na skima, ile mashine inayotoa uchafu wa maji kwa mapovu, uizime wakati huo.

Anemoni ndogo za kahawia zinazozidi kuwa nyingi

Aiptasia. Shina jembamba la kahawia, mikono mirefu yenye uwazi, ukiigusa inajivuta ndani ya tundu mara moja. Inaunguza matumbawe ya jirani. Jambo la kwanza: usiikate wala usiikwangue. Kipande cha mguu kilichobaki kinaota kuwa nyingine. Kuna mtu niliyemwona amekwangua tatu kwa kisu. Baada ya mwezi nilihesabu kumi na tisa.

Zikiwa chache, chini ya kumi, huhitaji mnyama. Chukua chokaa safi, kalsiamu hidroksaidi ya maabara au ya matangi, si ile ya kupakia ukuta. Koroga na maji ya RO kidogo mpaka uwe uji, uvute kwa bomba la sindano, zima pampu, umwagie mdomoni polepole kabla haijajivuta. Tatu au nne kwa siku, si zaidi, maana chokaa inapandisha pH na maji yako ni machache.

Zikiwa nyingi, wa kwanza ninayemfikiria si samaki. Kamba wa peremende, jamii ya Lysmata kutoka Florida na Karibi, anakula zile ndogo, hasa ukimwacha bila chakula kingine siku chache. Angalia usiuziwe mwenzake, Rhynchocinetes durbanensis, aliyepewa jina la Durban. Huyo ana nundu mgongoni, macho makubwa, na mistari myeupe iliyochanganyika na myekundu; wa peremende mwili wake unapenya mwanga na mistari yake ni myekundu mitupu. Yule wa nundu anakula matumbawe laini yako na Aiptasia anaiacha. Mlaji mwaminifu kuliko wote ni konokono asiye na gamba, Berghia, asiyekula kingine chochote; anahitaji muda azaane, na anaisha chakula kikiisha.

Kwa upande wa samaki, jina utakalotajiwa ni kipepeo mwenye mdomo mrefu, Chelmon rostratus. Anafika sentimita 20, anatoka mbali, na wengi hukataa kula tangini wakafa wakiwa na Aiptasia mbele yao. Kwa tangi fupi sahau. Anayefaa kwa umbo ni Acreichthys tomentosus, ndugu mdogo wa kikande, sentimita 12 hivi, ambaye huku kwetu pia yupo, kwenye majani ya baharini. Anabadilika rangi kufuata alipojibanza: juu ya mwani ni kijani, juu ya jiwe ana madoa ya kahawia, na usiku anauma kijiti au bua la mwani asichukuliwe na mkondo. Mdomo wake mdogo unadonoa Aiptasia kichwa kwanza. Lakini baadhi yao wakimaliza hugeukia matumbawe yenye nyama, na huwezi kujua mapema ni yupi. Kama tangi lako limejaa matumbawe ya gharama, mlete ukiwa na mahali pa kumpeleka baadaye.

Madoa ya kutu yanayotembea juu ya kioo na matumbawe

Asubuhi unaona vidoa vya rangi ya kutu, milimita 3 hadi 5, mkia umechanika nchani, vimejipanga kwenye mwanga. Hao ni minyoo bapa, Convolutriloba. Wana mwani ndani ya miili yao, ndiyo maana hukaa juani. Kumi si janga. Elfu moja wanafunika tumbawe lisipate mwanga.

Walaji wake ni visamaki vya ukoo mmoja na pono, vyenye macho makali, vinavyokagua jiwe kwa jicho moja kisha kwa jingine. Pseudocheilinus hexataenia, mwenye mistari sita, yupo kwenye miamba yetu, anakaa kati ya sentimita 7 na 10, halali mchangani, na anafaa tangi dogo. Tabia yake ni mbaya: akishamiliki mahali, kila mgeni anakiona. Mwingize wa mwisho. Wapole zaidi ni Halichoeres: chrysus wa manjano kutoka Pasifiki, au iridis wa upande wetu wa Bahari ya Hindi, wote karibu sentimita 12.

Halichoeres hulala ndani ya mchanga. Anahitaji mchanga laini wa sentimita 5 au zaidi, na kwenye kina cha 30 hizo ni nyingi. Mimi niliweka kopo la plastiki la kuhifadhia chakula nyuma ya mawe, nikalijaza mchanga, pengine pote nikabakiza sentimita 2. Siku ya kwanza alizama humo, asionekane siku tatu. Usichimbue kumtafuta! Siku ya nne kichwa cha manjano kilichomoza, kikaangalia kushoto na kulia kama mtu anayevuka barabara.

Si kila mmoja anakula minyoo bapa, na hata anayekula hawezi jeshi zima. Kwa hiyo punguza kwanza: pampu zizimwe, mpira mwembamba wa hewa, nyonya wengi uwezavyo, rudia kila siku kwa wiki. Hii ni lazima hasa ukikusudia kutumia dawa ya minyoo, maana wakifa kwa pamoja wanatoa sumu inayoweza kuua samaki wako wote, na katika lita 130 sumu haina pa kuzimulika. Weka mkaa wa kuchujia na maji mapya tayari kabla ya tone la kwanza.

Fahamu pia kwamba samaki hawa hawatofautishi adui na rafiki. Konokono wadogo, minyoo mizuri ya mchangani na vikamba vidogo vitapungua.

Punje za mchele kwenye gamba la chaza

Usiku, kwa tochi, ukiona vikonokono vyeupe kama punje za mchele kwenye ukingo wa chaza mkubwa wa Tridacna au kwenye konokono wako, ni Pyramidellidae, wanyonyaji. Mtoe chaza, msugue kwa mswaki, ondoa na vibonge vya mayai. Halichoeres atadaka waliobaki.

Madoa meupe juu ya samaki, na wazo la kununua msafishaji

Labroides dimidiatus, yule wa mstari mweusi na bluu, tunamwona kila tukizamia: samaki wakubwa wanapanga foleni awasafishe. Mtu anafikiri akimweka tangini atatibu ugonjwa wa madoa meupe. Hatautibu. Kimelea chake, Cryptocaryon, hujichimbia chini ya ngozi ya juu, ambako mdomo wa msafishaji haufiki. Anachokula ni vimelea vya nje vinyonyavyo damu, pamoja na ute. Mtafiti Alexandra Grutter alihesabu huko Lizard Island, Great Barrier Reef: msafishaji mmoja hula vimelea takriban 1,200 kwa siku. Tangi lako lenye samaki wanne litavitoa wapi? Wengi wanakufa njaa.

Na kuna hatari ya pili. Aspidontus taeniatus, bleni mwongo, amevaa nguo zilezile na anacheza ngoma ileile, halafu anang'ata vipande vya pezi. Ukisimama mbele ya kioo cha duka angalia mdomo: wa msafishaji uko nchani kabisa mwa uso; wa mwongo uko chini, pua imeutangulia kama ya papa. Mimi siwanunui wote wawili.

Madoa meupe yanatibiwa kwenye tangi la pembeni, kwa shaba iliyopimwa, na kamwe si kwenye tangi lenye kamba na konokono, kwani itawaua. Tangi kuu libaki bila samaki. Mimi huhesabu siku 76. Kwa sababu hiyo kila samaki mpya wa kazi, hata bleni wa sentimita 5, anakaa peke yake wiki nne kabla hajaingia.

Samaki ameshaingia, na sasa kuna jambo jipya

Tumbo la bleni limeingia ndani, kichwa kinaonekana kikubwa kuliko mwili. Amemaliza mwani. Mpe vipande vya mwani mkavu, ule wa karatasi usio na viungo, ubane kwa kibanio cha sumaku chini karibu na tundu lake, maana hapendi kupanda juu kugombea. Akikataa, sugua karatasi kwenye jiwe lenye vinyweleo ulizamishe. Usisubiri, akishakonda mpaka mgongo ukawa kama wembe, wengi hawarudi.

Bleni anadonoa ukingo wa chaza au tumbawe. Mara nyingi ni njaa hiyohiyo. Mlishe wiki mbili. Akiendelea akiwa ameshiba, ni tabia, mtafutie tangi jingine.

Samaki haonekani. Kama ni Halichoeres na hazijapita siku tano, yuko mchangani. Kama ni mwenye mistari sita au bleni, angalia sakafuni kabla ya kuhamisha mawe. Wangu wa kwanza nilimkuta nyuma ya kochi, mkavu kama dagaa, umbali wa mita moja na nusu. Tangi la kina kifupi mara nyingi huachwa wazi kwa sababu uzuri wake ni kuangaliwa kwa juu, na samaki aliyeshtuka usiku, stima ikipotea na kurudi ghafla, hana maji ya kutosha chini yake, anaelekea juu. Sasa nina fremu ya alumini yenye wavu wa nailoni wa matundu ya milimita 6, unaopitisha mwanga na hewa. Pembeni palikuwa na upenyo wa kupitishia waya wa pampu, upana wa vidole viwili. Wa pili alipita hapo.